Mbiu ya Jumamosi

Jumatatu, 3 Novemba 1997

Zamu ya asubuhi kama kawaida. Nimeviita vituo vyote vya milimani kwa simu ya upepo, kimoja kimoja, nikaandika mvua ya jana. Bombo wamepata nyingi. Kituo cha nne, yaani kwetu, hawako nyuma. Kituo cha sita wamenisomea kipimo halafu wakaniuliza bei ya sukari hapa Same. Hawajawahi kufunga mazungumzo bila kuuliza bei ya kitu.

Kisha kuingiza namba kwenye kompyuta. Zamani kazi yangu iliishia kwenye karatasi, na karatasi iliishia kabatini, na panya walikuwa wasomaji wake. Sasa tuna Mbiu.

Mbiu ni programu aliyotuwekea Deusi, mtaalamu kutoka Dar, Mhaya, mtani wangu wa kujitafutia. Nimeandika habari zake juzi lakini sijachoka. Kompyuta nyingine nilizoziona ni karani mvivu: usipomuuliza hasemi. Hii haisubiri. Inasoma ninachoandika. Inasoma ripoti ya hali ya hewa inayoingia kwa waya wa simu. Inasoma kina cha mto kutoka kifaa cha pale darajani. Inalinganisha, inakumbuka, na ikiona alama ya hatari imevukwa inalia. Yenyewe. Hakuna aliyeituma.

Ilipofika nilidhani imekuja kunitoa kwenye kiti. Mume wangu alipunguzwa shamba la mkonge, shamba lenyewe likauzwa, sasa anauza mitumba kando ya barabara kuu. Hatuwezi kupunguzwa wote wawili. Lakini siogopi tena. Haisikii simu ya upepo. Masikio yake ni mimi.


Jumanne, 4 Novemba

Nimecheka leo mpaka nikatoka machozi.

Wiki iliyopita Deusi alinasa sauti yangu ndani ya mashine. Mbiu ikilia inapiga na simu pia, wilayani, nyumbani kwa mkuu wetu Bwana Mrutu, na kwenye zahanati ya kule kwetu juu, maana ndiyo simu pekee ya kijiji. Akipokea mtu, anasikia sauti yangu: ndiva inajaa, watu wa bondeni watoke. Ndiva ni bwawa letu la kumwagilia, juu ya nyumba za bondeni. Leo tulijaribu. Nesi Ruthi wa zahanati akapokea, akasikiliza, akakata. Tukajaribu tena. Akakata.

Nikampigia mwenyewe. Alikuwa amekasirika kweli. Amesema mimi ni mtoto wa pale pale, nimelelewa vizuri, iweje nimpigie simu bila salamu na nianze kumwamuru? Alinisalimu mara mbili sikuitikia.

Deusi anasema salamu inapoteza muda. Nimemwambia bila salamu atapoteza watu. Amenasa upya. Sasa naanza na shikamooni, habari za huko, halafu ndiva inajaa. Nesi amepokea, amesikiliza mpaka mwisho, ameridhika.

Na jambo jingine ninalolipenda. Mbiu ikishaanza kulia hainyamazi mpaka mtu aandike neno NIMESIKIA. Inalia, inapumzika kidogo, inalia tena. Simu ikikosa kupokelewa inapiga tena. Deusi alitaka mlio wa dakika moja tu. Baadaye akasema mbiu isiyojibiwa ni kelele. Neno hilo nimelipenda. Kwetu ndivyo ilivyo. Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, na usipoonekana kwenye msaragambo, kazi ya kijiji kizima, wenzako wakizibua mfereji, utatafutwa mpaka chini ya kitanda.


Jumamosi, 8 Novemba

Mvua usiku kucha hapa chini pia. Barabara ya sokoni ni uji.

Vituo vimejibu, isipokuwa kituo cha nne. Hicho Jumamosi hakijibu. Msomaji wake ni Mwalimu Eliakimu, mstaafu, shemasi wa Wasabato. Ijumaa jua likizama anafunika simu ya upepo kwa kitambaa, na haigusi mpaka jua la Jumamosi lizame. Karibu kijiji kizima ni hivyo. Hata ndiva haiguswi. Siku nyingine bwawa linajazwa usiku na kufunguliwa asubuhi, maji yanakwenda kwa mwenye zamu. Jumamosi haina mwenye zamu. Linajazwa Ijumaa, linakaa limefungwa mpaka Jumapili. Nimekua nikiona hivyo. Mama anasema hata maji yanastahili siku moja ya kupumzika.

Mbiu haipendi nafasi tupu. Inauliza, inauliza tena. Nimeweka sifuri kama Jumamosi zote, ikanyamaza. Nikaenda nyumbani kupika.


Jumapili, 9 Novemba

Aibu. Aibu tupu.

Wakati wa mvua hatuna Jumapili. Nimeita vituo. Mwalimu Eliakimu amenisomea namba kubwa ajabu. Nimeiandika. Sijamaliza kuvuta kiti, Mbiu imelia. Mara yake ya kwanza kulia kweli. Nywele zilinisimama. Printa ikatoa karatasi: KITUO CHA 4, MVUA IMEVUKA ALAMA, NDIVA HATARINI. Simu ikaanza kupiga yenyewe. Nikasikia sauti yangu ikisalimia watu.

Nesi akamwambia kaka yangu Elinami. Pembe ya msaragambo ya kijiji iko kwake, aliirithi kwa baba. Akaipuliza. Watu wakaacha mashamba, Walutheri wakatoka kanisani mahubiri yakiwa katikati, wengine wamebeba watoto, wengine wamebeba magodoro. Mama akakataa kutoka. Mguu wake haujapona na nyumba yake iko chini kabisa ya ukuta wa ndiva. Wakamtoa kwa lazima.

Walipofika kwenye ndiva wamekuta bwawa limetulia, bata wanaogelea.

Bwana Mrutu alikwenda na Land Rover na maofisa wawili wa wilaya nyuma. Amerudi hajanisemesha.


Jumatatu, 10 Novemba

Elinami ametozwa mbuzi.

Ndiyo sheria. Anayepuliza pembe pasipo jambo analipa mbuzi na mbuzi analiwa na waliosumbuliwa. Kaka yangu ameketi akitazama mbuzi wake akiliwa. Amenitumia ujumbe kwa mwenye lori la kahawa: safari nyingine hiyo kompyuta ije ipulize yenyewe.

Siku hizi lori za wanunuzi binafsi zinapanda milima kila wiki. Habari mbaya zinashuka upesi kuliko zamani, wakati tulikuwa tunasubiri gari la ushirika.

Bwana Mrutu amesema mbele ya ofisi nzima kwamba mashine iliyodanganya mara moja itadanganya tena. Nimeumia kana kwamba amemsema mwanangu.


Jumatano, 12 Novemba

Deusi amefika na basi la mchana, shati limemganda mgongoni. Hajala. Ameketi na kuanza kuivua Mbiu namba zake.

Kila kitu kimeonekana. Mbiu yenyewe ilikwishaona, ila hakuna aliyeiuliza vizuri. Imetoa mstari wa kituo cha nne: Jumamosi sifuri, Jumapili mlima. Jumamosi sifuri, Jumapili mlima. Wiki zote. Majirani wake Bombo wananyeshewa Jumamosi kama siku nyingine, yeye peke yake jua linawaka.

Ndipo nikaelewa. Maji ya Jumamosi yalibaki ndani ya kipimo, Jumapili Mwalimu akasoma ya siku mbili kwa pamoja. Hakukosea. Aliyekosea ni mimi na sifuri yangu. Tupu si sifuri. Tupu maana yake hatujui. Mimi niliiambia Mbiu kwamba tunajua, na kwamba hakuna mvua. Nimeimwagia uongo masikioni, halafu watu wanaiita yenyewe mwongo.

Nimewaambia. Bwana Mrutu alikohoa. Deusi hakunilaumu. Alifurahi! Alizunguka chumba kizima akipiga makofi, kisha akaomba chai. Watu wa namna hii siwaelewi, ila nawapenda.


Alhamisi, 13 Novemba

Deusi ameandika siku nzima. Nimekaa naye, nikimweleza mambo ya Sabato, ndiva, pembe. Anauliza kama mtoto. Kwa nini ndiva haifunguliwi? Kwa sababu kufungua ni kazi. Na mvua nayo, inapumzika? Mvua haisali.

Sasa Mbiu inajua tofauti ya tupu na sifuri. Kituo kikinyamaza, haisubiri namba. Inawatazama majirani wa upande ule ule wa mlima, Bombo na kituo cha tano, inakisia. Na nimemwambia Deusi aiambie kwamba Jumamosi ndiva ya kwetu imefungwa, imejaa, na haina mtu. Kwa hiyo siku hiyo alama ya hatari inashuka. Kimya chao kinaiongezea wasiwasi badala ya kuupunguza.

Nimeitazama nikafikiri: huyu sasa ni jirani mwema. Jirani mwema haji kwako kwa sababu umepiga kelele. Anakuja kwa sababu hujapika na moshi hauonekani.

Deusi ameondoka na basi la jioni. Nimemfungia ndizi za kuchoma. Mhaya na ndizi hawaachani.


Jumamosi, 15 Novemba

Mvua ya kawaida. Sikuweka sifuri. Nimeacha patupu, mkono ukiniwasha. Mbiu haikulia. Imeandika tu chini ya kioo: KITUO CHA 4 KIMYA. NAANGALIA MAJIRANI.

Nimeisoma mara nyingi. Nimeona haya kidogo kwa jinsi ilivyonigusa.


Alhamisi, 20 Novemba

Mvua haijawahi kuwa hivi. Wazee wa mjini wenyewe wanasema hawajaiona. Reli imekatika upande wa Tanga. Mahindi ya mume wangu kule Kifaru yamelala majini, na dukani chumvi imepanda, sukari imepanda, mafuta ya taa ndiyo usiseme. Soko huria. Kila mtu yuko huru kupandisha.

Nimempata Mama kwa simu ya zahanati. Nimemwomba ahamie kwa Elinami, ng'ambo ya pili ya bonde, mpaka mvua ziishe. Amekataa. Ndiva ile ilijengwa na babu zetu, haijawahi kumwaga hata kikombe. Nikamwambia babu zetu hawakuona mvua hii. Akanijibu kwamba alishatolewa nyumbani mara moja kwa ajili ya bata, inatosha. Nikalia baada ya kuweka simu. Kwa hasira zaidi kuliko huzuni.


Ijumaa, 21 Novemba

Mwalimu Eliakimu amenisomea kipimo cha asubuhi. Kikubwa. Nimemwomba leo ndiva isijazwe. Amesema inajijaza yenyewe, kijito kimepasua mlango wa mfereji. Watajitahidi kuyageuza maji kabla jua halijazama. Nimemuuliza: na kesho? Amesema kesho ni ya Bwana.




Jumamosi, 22 Novemba

Ni saa moja na nusu jioni, taa ya chemli. Umeme hakuna.

Asubuhi vituo vitano vimejibu. Bombo namba ambayo niliwaomba warudie. Kituo cha tano vivyo hivyo. Cha nne kimya. Nimeacha patupu.

Mbiu imelia papo hapo. KITUO CHA 4 KIMYA. MAJIRANI WAMEVUKA. NDIVA IMEFUNGWA. WATU WATOKE.

Nimeita kituo cha nne kwa simu ya upepo mpaka sauti ikakwaruza. Nilijua. Simu iko chini ya kitambaa, Mwalimu yuko kanisani. Mbiu yenyewe ikaanza kupiga simu. Wilayani haipokelewi. Zahanati haipokelewi, Nesi naye ni Msabato. Kwenye kioo: NAPIGA TENA. NAPIGA TENA.

Bwana Mrutu ametoka chumbani kwake. Akasoma. Akasema namba ya kituo iko wapi? Nikasema haipo. Akasema basi hakuna namba, hakuna tahadhari, hawezi kumfanya mtu atozwe mbuzi wa pili kwa kitu ambacho hakikupimwa. Akanyoosha mkono kuandika NIMESIKIA ili inyamaze.

Nikafunika kibodi kwa mikono yote miwili. Mkuu wangu wa kazi. Nikamwambia, "Shikamoo Bwana Mrutu, lakini hujasikia bado. Mama yangu yuko chini ya ule ukuta." Sijui kwa nini niliweka shikamoo pale katikati. Uoga, nadhani.

Ametazama kibodi, akanitazama, akatazama dirisha. Kisha akachukua ufunguo wa Land Rover, akatoka nje kwenye mvua kwenda mlimani. Nampa heshima yake hapa, maana sikumpa pale.

Nikabaki peke yangu na Mbiu. Inalia, inapumzika, inapiga, inakosa, inapiga. Mimi ningekata tamaa. Naandika ukweli: nilikata tamaa. Niliweka kichwa mezani. Yenyewe haikuwa na kichwa cha kuweka. Iliendelea. Sijawahi kumwona mtumishi wa namna hiyo, wa serikali wala wa dini.

Mchana ukiwa umeingia, mlio wa simu ulibadilika. Nikasikia sauti yangu: shikamooni, habari za huko. Kioo kikaandika ZAHANATI IMEPOKEA. Nikaruka.

Halafu umeme ukakatika. Betri yake ya akiba ikaishikilia kidogo, bado inalia, mlio ukawa mwembamba, mwembamba. Ikazima. Na simu ya mezani ikafa pia.

Kuanzia hapo, hakuna. Mvua juu ya bati. Bwana Mrutu amerudi kwa miguu, tope mpaka kiunoni, korongo limechukua barabara. Tumekaa pamoja. Nilikuwa nimebakiwa na simu ya upepo tu, ile inayotumia betri ya gari. Sikuwa na wa kumwita. Nimesubiri jua lizame. Sijawahi kulichukia jua hivyo kwa kuchelewa kwake, na lenyewe halikuonekana kwa mawingu.

Lilipozama, simu ya upepo ikakoroma. Same, Same, kituo cha nne hapa. Sauti ya Mwalimu.

Alisema: mama yako yuko hai. Ndiva haipo.

Bwana Mrutu amelia kabla yangu.


Jumapili, 23 Novemba

Leo nimepata habari kamili, kwa vipande, Mwalimu akitunza betri.

Nesi Ruthi aliitwa kutoka kanisani kwa sababu ya mama mjamzito. Kazi ya huruma inaruhusiwa Sabato. Amefika zahanati, simu inaita. Akapuuza, akamhudumia mgonjwa. Simu inaita. Mgonjwa mwenyewe akamwambia kwamba imeita tangu alipofika na kulala pale, hainyamazi, inamzidishia uchungu. Ndipo akapokea. Akasikiliza, akakimbia kwa Elinami nyumba ya pili.

Kaka alikataa. Alisema ana mbuzi mmoja kaburini. Na pembe haijawahi kulia Jumamosi pale kijijini, tangu misheni ilipofika. Kuipuliza ni kuwatukana watu wakiwa kwenye sala. Nesi akamwambia simu imeita tangu asubuhi. Basi Elinami akafikiri. Kisha akasema kitu ambacho nitakikumbuka: mwongo huchoka. Anayedanganya hupiga mara moja, mbili, akaenda zake. Huyu hajachoka.

Akaipuliza.

Na kwa sababu ilikuwa Jumamosi, hakuna aliyeuliza. Pembe ya Jumapili iliwaleta kwa manung'uniko. Pembe ya Jumamosi imewatoa kanisani wote mara moja, kwaya ikiwa imesimama, wameacha hata viatu. Jambo lisilowezekana limelia, basi kuna jambo. Mwalimu Eliakimu alikuwa wa kwanza mlangoni. Vijana wa kwaya wakambeba Mama na kitanda chake, anawagombeza njia nzima. Wakatoa nyumba zote za bondeni.

Walikuwa ng'ambo wakiimba pambio pale ukuta ulipoachia. Mwalimu anasema haukutoa mlio mkubwa. Ulikaa chini tu, kama mtu aliyechoka kusimama. Kisha maji yakachukua nyumba ya Mama, jiko, migomba, kaburi la baba, na kipimo cha mvua. Namba ya Jumamosi ile haitapatikana kamwe.

Mtu hata mmoja hakuchukuliwa. Kuku tu.

Namshukuru Mungu. Namshukuru na Deusi. Na nikiandika hivi najua nitaonekana mpumbavu, lakini shajara ni yangu: naishukuru Mbiu. Imekaa pale imezima, kioo cheusi. Nimeipangusa vumbi kwa kanga.


Alhamisi, 27 Novemba

Mama amefika, kwa machela mpaka barabarani, kisha kwa trekta, kisha kwa lori la kahawa. Analalamikia joto la Same, maji ya Same, na mkate wa Same. Ni mzima kabisa.

Hajalia juu ya nyumba. Amelia juu ya kaburi la baba tu, mara moja, nilipokuwa namwosha miguu.

Kijijini wanaume wameanza kukata miti ya nyumba mpya, msaragambo, Wasabato na Walutheri. Wazee wamekubaliana Elinami hakukosea tangu mwanzo. Yeye sasa anadai mbuzi wake. Wanasema mbuzi ameshaliwa. Anasema wamtapike. Kesi itasikilizwa mwezi ujao na nasikia pande zote mbili zinajiandaa kwa furaha kubwa. Mpare haachi kesi hivi hivi, hata mafuriko yakipita katikati yake.

Mwalimu ameomba kipimo kipya, na amemteua kijana wa Kilutheri asome Jumamosi. Umeme bado.


Jumanne, 2 Desemba

Mvua imepumzika. Milima imeonekana asubuhi, safi, na kovu jekundu pale kwetu.

Nimekwenda na Mama ofisini kwa sababu hataki kubaki nyumbani na redio ya jirani. Nimempa kiti karibu na dirisha. Nimeita vituo. Kituo cha sita wakauliza bei ya mafuta ya taa. Kituo cha nne wakajibu, na Mama alipoisikia sauti ya Mwalimu alisogeza kiti.

Saa nne umeme ukarudi. Feni ikazunguka. Kioo kikawaka chenyewe, namba zikapita, na Mbiu ikaendelea pale ilipokatikia. Ikalia. KITUO CHA 4 KIMYA. MAJIRANI WAMEVUKA. NDIVA IMEFUNGWA. WATU WATOKE. Siku zote hizo gizani ilikuwa imelishika neno lake. Haijui kwamba ukuta ulianguka. Haijui kwamba simu yake iliwatoa.

Bwana Mrutu alitoka chumbani, akasimama mlangoni. Hakusogea.

Mama akauliza kelele ile inataka nini.

Nikamwambia inataka kujua kama tumesikia.

Alikitazama kioo kwa muda. Hasomi sana, lakini alikitazama. Kisha akasema, taratibu, kama anavyomjibu mtu aliyekuja kumjulia hali, "Basi iambie tumesikia, mwanangu. Iambie na asante."

Asante haina mahali pa kuandikwa. Nimeandika lile neno moja.

Ikanyamaza.